Bonanza Pekee Halitoshi: Ushauri kwa Anayesimamia Watu

Kila ikikaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ofisi nyingi hukumbuka kwamba wafanyakazi wake nao huchoka kichwa. Fulana huchapishwa, mtoa mada hualikwa, na Jumamosi kunakuwa na bonanza: mpira wa miguu, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, nyama choma na soda. Watu hucheka kwelikweli. Jumatatu saa nne usiku, bosi yuleyule aliyekuwa akivuta kamba anaandika kwenye grupu la WhatsApp: “Ripoti naitaka kabla hamjalala.”

Sina ugomvi na bonanza. Wanaofanya kazi pamoja ni vizuri wakacheza pamoja. Ila kutegemea bonanza peke yake ni sawa na kumnywesha mtu dawa ya malaria huku dimbwi nyuma ya nyumba likiachwa vilevile. Makala haya yanahusu hilo dimbwi. Ni kwa ajili yako uliye mkuu wa idara, mwalimu mkuu, muuguzi kiongozi wa wodi, msimamizi wa duka la jumla au mwenye saluni ya vijana sita. Si lazima uwe daktari, na mengi ya haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji uangalie unavyopanga kazi, unavyozungumza, na unavyomshika mtu wako anapoanza kuyumba.

Anza na kazi, si na mtu

Tabia yetu ni kumtazama aliyelemewa na kusema hana moyo, hajui kujipanga, au ana mambo yake ya nyumbani. Huenda ni kweli ana mambo yake. Lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa mwongozo wake kuhusu afya ya akili kazini Septemba 2022, mapendekezo yake hayakuishia kwa mfanyakazi mmojammoja. Yalianza na kazi yenyewe: mzigo, saa, ratiba na uhusiano wa watu kazini. Yalihimiza pia wasimamizi wafundishwe. WHO na Shirika la Kazi Duniani wanakadiria kwamba sonona na wasiwasi uliopitiliza huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, na hasara yake ni takribani dola trilioni 1. Kwa hiyo msimamizi anayelishughulikia jambo hili hamfanyii mtu hisani. Analinda kazi yake mwenyewe.

Upo pia uchovu wa kazi ambao usingizi wa usiku mmoja hauuondoi. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, WHO haiuiti ugonjwa. Inaueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Una sura tatu: nguvu kuisha, moyo kuikimbia kazi na kuanza kuikejeli, na mtu kuona hana tena analoliweza. Ukiwa na watu watatu wa namna hiyo katika chumba kimoja, acha kutafuta kasoro zao na ukague chumba.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alionyesha jambo ambalo kila keshia analijua. Kazi nyingi peke yake siyo inayoumiza zaidi. Inayoumiza zaidi ni kazi nyingi ambayo huna kauli juu yake. Keshia ana foleni ya watu ishirini, mashine ya risiti imegoma, chooni haendi mpaka msimamizi arudi, na mteja aliyekasirika anamtukana yeye kwa bei ambayo hakuipanga. Mpe keshia huyo ruhusa ya kufunga kaunta dakika tano na namba ya mtu wa kumpigia mashine ikigoma. Foleni haijapungua, ila sasa ana la kufanya.

Chukua ratiba ya zamu wodini. Inabandikwa Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu. Muuguzi anatoka zamu ya usiku asubuhi, anaambiwa asubiri kikao cha saa tatu, na akitazama ubaoni anakuta jina lake kwenye zamu ya mchana wa siku hiyohiyo. Nyumbani ana mtoto wa chekechea. Hapo hakuna semina itakayomsaidia, ila ratiba iliyobandikwa wiki mbili kabla itamsaidia. Ruhusu watu wabadilishane zamu kwa kuandikiana daftarini bila kuja kukupigia magoti. Kikao kisipangwe asubuhi ambayo aliyekesha ndiyo anatoka. Na zamu za sikukuu zizunguke, zisimwangukie kila mwaka yuleyule asiyejua kulalamika.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekwisha kukuwekea mipaka. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zinalipwa, na hazitakiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kati ya kutoka kazini na kurudi ziwepo saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki ziwepo saa 24 mfululizo. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kabla hujaita mtaalamu wa saikolojia aje kuzungumza na timu yako, kagua daftari la mahudhurio uone mara ngapi mipaka hiyo imevukwa mwezi uliopita.

Simu isiyolala

Zamani mtu akitoka ofisini alikuwa ametoka. Leo ofisi iko mfukoni, na tiki mbili za bluu zinamshtaki aliyesoma na kunyamaza. Weka kanuni fupi na uitangaze: jambo la dharura nitapiga simu, mengine yote yanasubiri asubuhi. Eleza dharura ni nini mahali penu. Moto ni dharura. Mfumo wa malipo kukatika ni dharura. Fomu ya mafunzo ya mwezi ujao si dharura.

Kisha iheshimu wewe kwanza. Wazo likikujia usiku liandike daftarini ulitume asubuhi. Usiandike “si lazima mjibu sasa” ukadhani umemaliza, kwa sababu ujumbe wa bosi ukiingia saa tano usiku, aliyekuwa amelala ameshaamka. Aliye likizo usimwongeze kwenye mazungumzo ya kazi, wala usimsifu hadharani aliyejibu ujumbe akiwa msibani. Ukimsifu huyo umewafundisha wengine wote.

Mdomo wa bosi

Watu wengi hawakimbii kazi, wanakimbia midomo. Kumkaripia mtu mbele ya mteja au mbele ya mdogo wake kikazi kunamfundisha jambo moja tu, kuficha kosa la kesho. Ukitaka kumrekebisha mtu, mwite pembeni, taja kilichotokea, taja unachotaka kifanyike, mruhusu aeleze, basi. Ukitaka kumsifu, taja kitu chenyewe. “Ulivyomtuliza yule mzee wa bima leo asubuhi ulifanya vizuri” inazidi “hongereni wote kwa kazi nzuri” ya kila Ijumaa.

Ipo pia kauli ambayo wasimamizi wengi hutamka bila kufikiri: “Kama kazi imekushinda, huko nje foleni ni ndefu.” Kila mtu anajua foleni ni ndefu, ndiyo maana inachoma. Inamwambia mtu kwamba hathaminiwi na kwamba siku akiugua hapaswi kusema. Iondoe kinywani mwako kabisa.

Utani nao uangalie. Nchini Tanzania aliyesahau kitu huambiwa apelekwe Mirembe, na nchini Kenya jina la Mathari hutumika hivyohivyo. Hizo ni hospitali, ya Dodoma na ya Nairobi, na wapo wafanyakazi wenzako ambao mama, kaka au wao wenyewe wametibiwa huko wakapona. Tunasema mficha maradhi kilio humuumbua, tukimlaumu aliyeficha. Kazini wengi wanaficha kwa sababu walishasikia tunavyowacheka waliosema.

Kumsoma mtu wako

Kwetu sonona mara nyingi haiji na maneno “nina huzuni”. Inakuja kama kichwa kisichoisha kuuma, tumbo, moyo kwenda mbio, mwili kukosa nguvu. Mtu ameshapima malaria, ameshapima presha, hakuna kilichoonekana, na bado anaumwa. Usimwite mzushi. Na wewe usiwe mpimaji, kwa sababu kazi yako si kutaja ugonjwa. Kazi yako ni kuona kwamba amebadilika kutoka alivyokuwa.

Aliyekuwa akiwahi sasa anachelewa. Aliyekuwa makini stoo hesabu zake hazilingani. Aliyekuwa akila na wenzake anakula peke yake au hali. Aliyekuwa mpole anafoka. Mwingine anakunywa kuliko zamani, na Jumatatu zake zinajulikana. Yupo pia asiyetiliwa shaka na mtu, anayefanya kazi kupita kiasi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, kwa kuwa nyumbani hakukaliki. Dalili moja ya siku moja si kitu. Kadhaa zikikaa wiki mbili, zungumza naye.

Namna ya kuanza

Mtafute faragha, si kwenye korido, na usimwite kwa barua ya “fika ofisini kwangu saa nane” ikamnyima raha tangu asubuhi. Tuseme msimamizi ni mama wa makamo na mtunza stoo ni kijana aliye chini yake. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba mdogo wangu, kaa. Sijakuita kukugombeza. Wiki hizi mbili nimeona unachelewa, na hiyo si kawaida yako. Juzi hesabu ya saruji haikulingana. Na mchana hukai tena na wenzako. Nimeona nikuulize, kuna kinachokusumbua?”

“Hamna dada, niko poa tu.”

Jibu la kwanza huwa ni hilo. Usilipige vita, wala usiseme “sawa” ukamalizia hapo.

“Haya, sikulazimishi. Mzigo wa Ijumaa nitamweka mwenzako mhesabu wawili. Alhamisi saa kumi tutaonana tena, tuzungumze mimi na wewe tu.”

Alhamisi uwe hapo saa kumi kweli. Mtu hupima neno lako la kwanza kabla hajakupa lake. Ndipo huenda akasema, “Dada, usingizi sipati.” Akisema hivyo, nyamaza kidogo. Usimwambie ashukuru Mungu ana kazi, usimwambie ajikaze maana ni mwanaume, na usianze kumsimulia matatizo yako. Muulize tangu lini. Muulize usiku akiwa macho anawaza nini. Kisha muulize swali linalofungua njia: “Katika hayo yote, lipi tukilipunguza wiki hii utapumua?”

Swali la namna hiyo lina historia nzuri Afrika. Mjini Harare, kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wanaojitolea katika jamii kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kumsaidia kila mmoja kuchagua tatizo moja la kuanza nalo na hatua ya kulishughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa madaktari. Walikuwa na muda, utaratibu na subira. Msimamizi naye anaweza kuwa navyo.

Mwisho wa mazungumzo ulizeni pamoja: “Nani mwingine ajue?” Akisema asiwepo, asiwepo. Siri ikifika kwa afisa utumishi kwa njia ya umbea, hutasikia tena lolote kutoka kwa yeyote. Na akikwambia ameanza kwenda kwa shehe au kwa mchungaji kuombewa, usimkejeli. Mwambie aendelee, na hospitali aende pia.

Pesa zinapokosesha usingizi

Mawazo mengi ya kazini yana namba ndani yake. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inalipwa kwa wiki au kwa siku, na mtu anakopa kwa huyu kumlipa yule. Mikopo ya kwenye simu iliongeza aibu: ukichelewesha marejesho, ujumbe wa kukudhalilisha unatumwa kwa ndugu, majirani na hata bosi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ujumbe kama huo ukikufikia kuhusu mtu wako, usiupeleke kwenye grupu wala usimsomee mbele ya wenzake. Mwite pembeni, mwonyeshe, na umwambie kuwa kwako haujabadilisha kitu.

Mshahara ulipwe tarehe yake. Ukijua utachelewa, sema mapema na utaje tarehe, kwa sababu anayejua anaweza kuzungumza na mwenye nyumba, na asiyejua anakopa. Weka utaratibu wa mkopo mdogo wa mshahara unaojulikana na wote: kiwango chake, makato yake, na nani wa kumwona. Utaratibu ukiwepo, mtu hahitaji kusimulia dhiki yake yote ndipo asaidiwe. Kama mna SACCOS, mwelekeze huko kabla hajaelekea kwa kausha damu.

Anapohitaji daktari na likizo

Yapo ya kumaliza kwa mazungumzo na ratiba, na yapo ya hospitali. Mtu akikosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kazi kwa zaidi ya wiki mbili, au akisikia sauti zisizokuwepo, au pombe ikiwa imeshamtawala, mwelekeze hospitali. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa. Usimwandikie tu jina la hospitali kwenye karatasi. Mpe siku, mpe nauli ikibidi, na kama anataka mtu wa kwenda naye, mtafutie.

Sheria ile ya 2004 inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Haikusema ugonjwa uwe wa mguu na si wa akili. Aliyefiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, au anayeuguza mtoto, ana angalau siku 4 za malipo, na sheria haikukukataza kuongeza. Anayerudi kutoka kuzika hatakuwa sawa siku ya tano. Mpe wiki za mwanzo kazi zisizohitaji hesabu kali.

Kurudi kazini nako kunapangwa. Mpigie kabla hajarudi umuulize anataka wenzake waambiwe nini. “Alikuwa likizo ya ugonjwa, amerudi” inatosha. Aanze na mzigo mdogo unaopanda wiki hadi wiki, akijua nani wa kumwambia ukizidi. Usimtoe kwenye nafasi yake “kwa ajili ya afya yake” bila kumuuliza. Hiyo ni adhabu iliyovalishwa huruma.

Akitaja kufa

Mtu akisema “bora nife tu”, akaanza kugawa vitu vyake au kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Kuuliza hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo, kunampa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, usimhubirie na usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa, sumu ya panya na dawa za mifugo au mimea, mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, na mtafute ndugu anayemwamini. Hapa siri inakoma, na umwambie hivyo: “Hili siwezi kulinyamazia, ila nitakuwa nawe.”

Na wewe je?

Mipaka ya saa za kazi katika sheria ile haimgusi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukiwa wewe ni huyo, hakuna atakayekuhesabia saa, kwa hiyo zihesabu mwenyewe. Chukua likizo yako yote, na waone umeichukua, kwa sababu bosi asiyekwenda likizo anawafanya walio chini yake waone haya kuomba. Tafuta msimamizi mwenzako nje ya idara yako wa kumwambia yanayokulemea. Na usingizi ukikukimbia wewe, daktari ni wako pia.

Wiki ijayo fanya matatu tu. Jumatatu, toa ratiba ya wiki mbili zijazo na utangaze kanuni ya simu za usiku. Katikati ya wiki, mwite pembeni yule uliyemfikiria ulipokuwa ukisoma dalili. Ijumaa, uliza timu yako kwa karatasi zisizo na majina: kitu gani kimoja katika kazi yetu kinakuchosha bure? Jibu litakalojirudia mara nyingi zaidi lirekebishe ndani ya mwezi huo, au ueleze wazi kwa nini haliwezekani. Baada ya miezi mitatu uliza tena swali hilohilo, na utazame daftari la mahudhurio na barua za kuacha kazi. Kama majibu ni yaleyale na barua ni zilezile, bado hujagusa kazi yenyewe.